Leseni Si Risiti

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Ukitamka neno "poka" kwenye hosteli ya chuo chochote hapa Kenya, watu watavuta viti, watoe karata na waanze kulishana. Mbili na tatu unaokota, Jeki anaruka, Kingi anarudisha, nane na Kwini ni maswali, na ukikaribia kumaliza unapaza sauti, "Niko kadi!" Huo ni mchezo wetu na hauna deni na mtu. Ukishindwa unachekwa, unachanganya karata, mnaendelea hadi stima irudi.

Poka ninayoizungumzia hapa ni ile nyingine, Texas Hold'em. Unapewa karata mbili ambazo hakuna mwingine anayeziona, kisha tano zinafunuliwa katikati ya meza, hatua kwa hatua. Kila hatua unaamua: uweke dau, uongeze, au utupe karata zako na uache pesa zilizo mezani ziende. Unaweza kushinda kwa karata nzuri. Unaweza pia kushinda kwa karata mbovu na uso mkavu. Siku hizi inachezwa kwenye simu, kwa pesa halisi, na watu usiowajua, saa nane usiku, ukiwa umelala kitandani.

Iruhusiwe au isiruhusiwe? Upande mmoja wa mjadala kuna pasta, imamu, na mama aliyerudi kutoka sokoni akakuta mtungi wa gesi umeuzwa. Upande wa pili kuna kijana mwenye laptop anayekwambia poka ni akili, si bahati, na kwamba sheria inamzibia riziki. Mimi nitasema jambo ambalo pande zote mbili hazitalipenda. Iruhusiwe, lakini si kwa namna Kenya imezoea kuruhusu kamari. Hapa kwetu leseni imekuwa risiti ya kodi. Kampuni inalipa, serikali inagonga muhuri, na mchezaji anaambiwa "hii ni halali", kana kwamba neno hilo limemwongezea ulinzi wowote. Leseni inafaa kuwa ahadi kwa anayecheza. Isipokuwa ahadi, bora isiwepo, kwa sababu inampa mtu imani ambayo haina kitu nyuma yake.

Tuanze na unafiki. Serikali iliyosita kuhusu karata ndiyo iliyotazama tu huku kandege kakipaa kwenye simu za waliokaa nyuma ya darasa, nyuma ya matatu na nyuma ya kaunta. Namaanisha Aviator, bila shaka. Mchezo huo ulitolewa na kampuni ya Spribe mwaka 2019, na hesabu inayotangazwa na wenyewe ni kwamba asilimia 97 ya pesa zinazochezwa hurudi kwa wachezaji. Asilimia 97 inasikika tamu. Maana yake ni kwamba kwa kila soo unayocheza, kwa wastani bob tatu zinabaki kwa mwenye mchezo, na raundi moja huisha ndani ya sekunde chache. Cheza finje mara mia moja. Umezungusha 5,000, na hesabu inatarajia uwe umeacha 150 huko, yote ndani ya safari moja ya matatu kutoka Rongai hadi tao. Kisha kuna safari ya kurudi, na kesho pia ni siku. Wala hakuna ujuzi wowote wa kukuokoa. Uwe profesa wa hisabati au mtoto wa darasa la nne, ndege inapaa na kupotea bila kukuuliza ulisomea wapi.

Ama chukua jakpoti ya mechi 17. Kila mechi ina matokeo matatu: nyumbani, sare, ugenini. Zidisha tatu kwa tatu mara hizo zote na utapata mikeka 129,140,163 tofauti. Mtu anayejua mpira anaipunguza idadi hiyo, sikatai. Lakini hata ujuzi wako ukiigawa kwa elfu moja, bado unabaki na mikeka zaidi ya 129,000, na wewe umeshika mmoja. Mwaka 2017 Mkenya mmoja aliupata uliokuwa sahihi na akatia mfukoni shilingi milioni 221. Picha yake ikazunguka nchi nzima. Mwaka huohuo GeoPoll ilihoji vijana wa nchi kadhaa za Afrika, na Kenya ikaongoza: asilimia 76 ya vijana wetu waliohojiwa walisema wamewahi kucheza kamari. Picha moja ya mshindi inaweza kufanya kazi kubwa kuliko mabango mia.

Ukiiweka poka kando ya hivyo viwili, poka ndiyo yenye heshima zaidi. Mwenye meza hachezi dhidi yako. Anakata kamisheni kidogo kwenye kila chungu cha dau, na mshindi awe nani si shida yake. Unacheza dhidi ya watu wengine, na ukicheza mikono maelfu, anayejua kuhesabu na kusoma tabia za watu atamshinda asiyejua. Kwa hivyo mbunge anayesimama kusema poka ya mtandaoni itaharibu vijana, huku kandege kana leseni, anatuchezea akili. Hoja ya maadili haifanyi kazi nusu nusu. Kama kamari ni haramu, basi yote ni haramu, ikiwemo ile inayolipa kodi.

Watetezi wa poka wana hoja nyingine, na hii ni nzito zaidi: watu wanacheza tayari. Anayetaka kucheza anapata tovuti iliyosajiliwa kwenye kisiwa ambacho hawezi kukuonyesha kwenye ramani, anaweka dola kupitia mtu wa kati aliyempata kwenye kikundi cha mtandaoni, na anacheza. Siku mtu huyo wa kati akizima simu, kijana ataenda kuchukua OB wapi? Na ataanzaje kumweleza afisa aliye zamu kwamba pesa zilizopotea ni za karata?

Wamarekani walishaipita njia hii, na inafaa kuangalia walichookota, kwa sababu kila upande wa mjadala wetu una la kujifunza huko. Mwaka 2003 mhasibu mmoja wa Tennessee aitwaye Chris Moneymaker (ndiyo, hilo ni jina lake la ukoo) aliingia kwenye mashindano makuu ya poka ya dunia kwa tiketi aliyoishinda kwenye intaneti, akatoka na dola milioni 2.5. Mwaka wake waliingia watu 839. Miaka mitatu baadaye waliingia 8,773. Unaona, hata kule picha moja ilitosha. Mwaka 2006 bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuzuia malipo ya kamari haramu ya mtandaoni. Tovuti kadhaa kubwa zikaendelea tu, na wachezaji nao.

Ijumaa ya Aprili 15, 2011, waendesha mashtaka wa New York wakawashtaki waanzilishi wa PokerStars, Full Tilt na Absolute Poker, na anwani za tovuti hizo zikatwaliwa. Wachezaji wanaiita Ijumaa Nyeusi. Sasa angalia kilichofuata. PokerStars iliwarudishia Wamarekani salio lao ndani ya wiki chache, kwa sababu pesa zilikuwepo. Full Tilt haikuweza. Septemba mwaka huo waendesha mashtaka walisema kampuni hiyo ilikuwa inadaiwa na wachezaji takriban dola milioni 390, ilhali benki ilikuwa na takriban milioni 60. Wakurugenzi na wenye hisa walikuwa wamejigawia zaidi ya milioni 440 tangu 2007. Salio lililoonekana kwenye skrini ya mchezaji lilikuwa ni tarakimu tu.

Na Full Tilt ilikuwa na leseni, bana. Ilipewa na mdhibiti wa Alderney, kisiwa kidogo kati ya Uingereza na Ufaransa. Kulikuwa na ofisi, muhuri, na ada iliyolipwa. Wachezaji wa Marekani walianza kurudishiwa pesa Februari 2014, karibu miaka mitatu baadaye, na hiyo ni kwa sababu PokerStars ilikuwa imekubali mwaka 2012 kulipa dola milioni 731 kumaliza kesi na kuchukua mali ya Full Tilt. Leseni yenyewe haikumlipa mtu hata senti.

Hapo kuna mafunzo mawili. Marufuku ya 2006 haikuzuia mchezo, ilibadilisha tu ni nani anayeuendesha. Na leseni isiyouliza pesa ya mchezaji imekaa wapi ni karatasi. Anayetaka kupiga marufuku ajibu funzo la kwanza. Anayetaka kuhalalisha ajibu la pili.

Sasa turudi nyumbani tuone serikali yetu imekuwa ikiuliza nini. Kwa zaidi ya nusu karne kamari ya Kenya iliongozwa na sheria ya mwaka 1966, iliyoandikwa wakati simu ilikuwa kifaa cha waya na mezani. Agosti 2025 Rais alitia sahihi sheria mpya ya kudhibiti kamari, iliyofuta ile ya zamani, ikaunda mamlaka mpya na kuutambua mtandao waziwazi. Ni hatua. Lakini kabla ya kupiga makofi, fuata kodi, kwa sababu kodi ndiyo inayokuonyesha serikali imekuwa ikiwaza nini.

Mwaka 2018 ulianza na kodi ya asilimia 35 ya mapato ya kampuni za kubeti, kisha ikashushwa hadi 15. Mwishoni mwa 2019 ukaja ushuru wa asilimia 20 kwenye kila dau. Mwaka 2020 ukafutwa. 2021 ukarudi kwa asilimia 7.5. 2023 ukawa 12.5. Desemba 2024 ukawa 15. Julai 2025 ukahamishwa: sasa ni asilimia 5 ya pesa unayoweka kwenye akaunti yako ya kubeti, na asilimia 5 nyingine ya pesa unayotoa. Miaka saba ya kuvutana, na sehemu kubwa ya mvutano ilikuwa kuhusu kipande cha nani kinakatwa wapi. Mchezaji alitajwa kwenye hotuba. Kwenye jedwali la kodi alikuwa ng'ombe wa kukamuliwa, na swali lilikuwa akamuliwe asubuhi au jioni.

Hebu fanya hesabu ya mfumo wa sasa. Weka thao moja. Hamsini zinakatwa, unabaki na 950. Usicheze hata mkono mmoja. Umebadilisha nia, umekumbuka rent, unataka pesa yako. Unazitoa 950, na 47.50 zinakatwa. Unapokea 902.50. Umepoteza 97.50 kwa kubadilisha nia! Ukiwa na akili ya kuondoka mapema unatozwa kama waliobaki. Ni nani aliyekaa akaandika sheria inayomtoza mtu anapotaka kutoka, halafu akaiita udhibiti?

Na ninaposema uwezo wa kulinda watu upo, sibahatishi. Julai 2019 kampuni 27 zilinyimwa leseni mpya, na nambari zao za malipo ya simu zikafungwa kwa amri ya serikali. Karibu pesa zote za kubeti nchini hupitia kwenye simu, kwa hivyo mlango ulifungwa ukafungika. Sababu kubwa ya mvutano ule ilikuwa kodi. Basi tusiambiwe kwamba mtandao haudhibitiki. Unadhibitika vizuri sana pale pesa ya serikali inapokuwa hatarini. Tunachoomba ni bidii ileile pale pesa iliyo hatarini ni yako.

Lakini nisiwaachie watetezi wa poka wapite bure. Hoja yao kuu, ile ya ujuzi, ina mtego ndani yake. Aliyepoteza kwenye kandege anajua amepigwa na ndege. Anakasirika, analala. Aliyepoteza kwenye poka anajiambia alicheza mkono ule vibaya, na kesho atatazama video mbili tatu aboreshe. Hasara kwake ni karo ya shule. Hata hajioni kama mcheza kamari, yeye ni mwekezaji, ni mwanafunzi, anajenga kitu. Na poka inamsaidia kujidanganya, kwa sababu katika mikono mia chache bahati huuzidi ujuzi. Fundi anaweza kupoteza mwezi mzima, na mgeni anaweza kushinda wiki nzima akaacha kazi. Inachukua maelfu ya mikono kabla mtu ajue kama ana kipaji au alikuwa na Jumamosi nzuri.

Halafu kuna kamisheni ya meza. Chukua watu sita, kila mmoja na thao yake. Mezani kuna 6,000. Tuseme tovuti inakata asilimia 5 ya kila chungu, chungu cha kawaida kina shilingi 100, na mikono 60 inachezwa kwa saa. Hiyo ni shilingi 300 kwa saa zinazotoka mezani zisirudi. Baada ya saa kumi nusu ya pesa haipo. Wakiendelea hivyo hadi saa ya ishirini, sita hao wanatazamana na hakuna aliye na kitu, hata kama wote ni mafundi. Ili mmoja atoke na faida, lazima awepo wa kupoteza zaidi ya wenzake, na lazima aje mwingine baada yake. Fundi wa poka hali ujuzi wake. Anakula mgeni. Kwa hivyo kila anayekwambia hii ni ajira ya vijana, muulize ajira hiyo inalipwa na vijana gani. Ni mwanafunzi aliyepokea HELB jana? Ni jamaa wa boda aliyebakiza pesa ya mafuta?

La mwisho ni roboti. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon na Facebook walitangaza programu waliyoiita Pluribus, iliyowashinda wachezaji wa kulipwa kwenye meza ya watu sita. Kilichonishtua si kwamba mashine ilishinda. Ni kwamba gharama ya kuifundisha, kwa bei ya kukodi kompyuta, ilikuwa chini ya dola 150. Bei ya simu ya kawaida. Unapoketi kwenye meza ya mtandaoni huoni macho ya mtu wala mkono unaotetemeka. Unaona jina na picha ya simba. Huenda simba huyo ni dereva wa Naivasha asiyepata usingizi. Huenda ni programu isiyojua usingizi ni nini. Huenda wachezaji watatu kati ya watano ulio nao wako chumba kimoja, wanaonyeshana karata na kukucheka. Pata potea ya stendi ya basi angalau unaweza kuwatazama wale wanaojifanya wateja ukawashuku.

Kwa hivyo pande zote mbili zina ukweli, na ndiyo maana jibu la "ndiyo" au "hapana" halitoshi. Nataka ndiyo yenye masharti, na masharti yenyewe ni haya.

Pesa ya mchezaji ikae benki, kwenye akaunti ya amana ambayo kampuni haiwezi kuigusa kulipia mishahara, matangazo wala gawio. Kampuni ikianguka Jumatatu, pesa yangu iwe kwangu Jumanne. Sharti hili peke yake lingezuia msiba wa Full Tilt.

Kila mchezaji aweke kikomo cha hasara kabla ya kucheza mkono wa kwanza, na kikomo hicho kifungwe kwenye nambari ya kitambulisho, si kwenye tovuti moja. Nikisema shilingi 2,000 kwa mwezi, basi ni 2,000 kwenye tovuti zote zenye leseni nikizijumlisha. Kukipunguza kikomo kuwe papo hapo. Kukiongeza kungoje wiki, hadi damu ipoe. Na nikitaka kujifungia nje kabisa, nibonyeze mara moja na nifungiwe kila mahali.

Pesa ya mkopo isiingie mezani. Simu inayojua una deni la mkopo wa kidijitali ndiyo simu hiyohiyo inayotuma dau lako. Hakuna muujiza wa teknolojia unaohitajika hapo.

Kodi itoke kwenye kamisheni ya kampuni, isitoke kwenye pesa ninayoweka wala ninayotoa, na sehemu ya kodi hiyo itengwe kwa ushauri nasaha na matibabu ya walionaswa. Isiingie kwenye shimo la bajeti tukaambiwa imejenga barabara. Mtu asitozwe kwa kuondoka.

Na sharti la mwisho, ambalo nadhani ndilo litakalopingwa zaidi: hesabu ziwekwe wazi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mwisho wa mwezi kila mchezaji apate ujumbe mmoja kwenye simu: umeweka kiasi hiki, umetoa kiasi hiki, umepoteza kiasi hiki tangu Januari. Kisha kila mwaka kila kampuni yenye leseni itangaze kati ya wachezaji wake mia moja ni wangapi walimaliza mwaka na faida. Takwimu hiyo ichapishwe juu ya kila tangazo, kwa herufi kubwa kama zile za jakpoti. Mwaka 2025 mdhibiti alisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30, kisha akakataza watu mashuhuri kuyabeba. Vizuri. Lakini kumwondoa msanii kwenye bango hakujaniambia bado nafasi yangu ni ngapi. Mkate una uzito wake kwenye karatasi. Sigara ina onyo lake kwenye pakiti. Kwa nini mchezo wa pesa uuzwe bila kuandikwa unagharimu nini?

Najua nitaambiwa mtu mzima ana haki ya kuchezea pesa yake. Ninakubali, na ndiyo maana nimesema iruhusiwe. Haki hiyo ni pamoja na kujua bei kabla ya kununua. Anayeficha bei hawezi kujificha nyuma ya uhuru wa mteja.

Nitaambiwa pia kwamba masharti makali yatawafukuza wachezaji waende tovuti za nje. Baadhi wataenda, ndiyo. Aliye na kadi ya dola na sarafu za kidijitali atatafuta njia, na kusema kweli si yeye anayeninyima usingizi. Ninamfikiria yule ambaye pesa yake yote inapita kwenye laini moja ya simu, na ambaye anaamini kwamba kitu kikitangazwa redioni na kuwa na nembo ya serikali, basi kuna mtu mahali fulani amekikagua. Huyo haendi kisiwani. Huyo atacheza pale ambapo nchi yake imemwambia ni salama. Tukimwambia ni salama, iwe kweli.

Na kama serikali itasema masharti haya hayatekelezeki, basi iseme hivyo hadharani, halafu iturudishie jibu la swali la kwanza: inakodisha nini kwa kampuni hizi kama si ulinzi wetu? Kwa sababu kampuni hainunui leseni kwa sababu ya karatasi. Inanunua imani ya watu kwa jina la Jamhuri ya Kenya. Imani hiyo ni yetu, na inauzwa bila sisi kuulizwa.

Kwa hivyo mjadala ukifika kwa mbunge wako, usimuulize kama anapenda poka. Muulize pesa ya mchezaji itakaa benki gani na kwa jina la nani. Muulize mtu akitaka kuondoka atakatwa ngapi. Muulize kati ya mia moja wanaobaki na faida ni wangapi, na takwimu hiyo itachapishwa lini. Akijibu yote matatu bila kutaja mapato ya serikali, mpigie kura.